Pesa Iko Benki, Mtoto Analala Njaa: Wiki za Kwanza za Mwanafunzi Ng'ambo



Ukishuka matatu pale Dagoretti Corner, mahali Barabara ya Naivasha inapoachana na Barabara ya Ngong, utawaona mafundi wa fanicha wakipiga randa kando ya barabara. Wengi wa watu kama hawa wamo katika vyama. Chama husaidia karo, mazishi na arusi. Na siku hizi limeingia jambo lingine kubwa: kumpeleka mtoto chuo kikuu ng'ambo. Kadi za harambee zinazunguka, watu wanachanga, mtoto anasindikizwa na nyimbo hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Halafu kikundi kinarudi nyumbani kikisema, "Hiyo tumemaliza."

Bado hamjamaliza. Wiki sita za kwanza zinaweza kuwa ngumu kuliko zote, na ugumu wake si ule tunaoufikiria. Sisi huogopa baridi. Lakini dawa ya baridi ni koti, na makoti mazito yamejaa Gikomba na Toi. Shida iko kwingine.

Tuchukue mfano wa Ujerumani, kwa sababu vijana wengi sasa wanauliza habari za huko. Tuseme ni binti wa kikundi chenu, amesoma lugha, amekubaliwa na chuo. Vyuo vingi vya serikali kule havidai ada ya masomo, ila mchango mdogo wa kila muhula. (Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti. Tangu mwaka 2017 linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, kwa hiyo ulizeni chuo kiko jimbo gani kabla ya kushangilia.) Watu wakisikia masomo ni ya bure wanapumua. Lakini ili apewe viza, ni lazima aonyeshe kwamba ana pesa za kujilisha mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904. Tukihesabu euro moja kwa shilingi 150, hiyo ni shilingi 1,785,600. Kwa kawaida pesa hizi huwekwa katika akaunti maalum iliyofungwa, na mwenyewe hawezi kuzitoa zote kwa mara moja. Anafunguliwa euro 992 kwa mwezi, basi.

Hapa ndipo vikundi vingi havielewi. Hiyo euro 992 ya kwanza haimngojei uwanja wa ndege. Kwa kawaida haitoki mpaka awe amefika, awe na akaunti ya kawaida ya benki, na aonyeshe makaratasi yake. Benki nyingi nazo zinataka cheti cha kuandikishwa kama mkaaji wa mji. Sheria inamtaka ajiandikishe ndani ya wiki mbili baada ya kuingia katika nyumba, lakini katika miji mikubwa siku ya kuonana na ofisi hiyo inaweza kuchelewa. Akifika pale ataulizwa barua ya mwenye nyumba. Na kama amepanga kitanda katika hosteli ya wasafiri, au amejibanza kwa rafiki, mara nyingi barua hiyo hapati.

Mmeuona huo mnyororo? Hana chumba, hana barua. Hana barua, hana cheti. Hana cheti, hana benki. Hana benki, pesa yenu iko palepale Ujerumani na yeye anakunywa maji ya mfereji. Maji yenyewe ni safi, yanaweza kunywewa bila kuchemshwa, lakini hayashibishi.

Wakati huohuo kila mtu anamdai. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti, na sheria inamruhusu kuomba hadi kodi ya miezi mitatu. Bima ya afya ni lazima, na ile ya kawaida ya wanafunzi inapita euro 140 kwa mwezi. Mara barua inaingia ya kulipia redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama hana televisheni. Barua ni ya Kijerumani, ndefu, na binti anaweza kudhani ameshtakiwa. Chumba cha hosteli ya chuo mara nyingi kina kitanda na meza, lakini blanketi na sufuria ni juu yake. Na Jumapili maduka yamefungwa. Aliyefika Jumamosi usiku bila kitu mkobani ataijua njaa.

Kwa hiyo tunawaomba: pesa ya akaunti iliyofungwa msiihesabu kama pesa ya kuanzia maisha. Tengeni fungu la pili. Kwa maoni yetu, kama kodi ya chumba ni euro 350, lisipungue euro 1,500, yaani kama shilingi 225,000. Likikosekana, ni afadhali asubiri muhula mwingine kuliko kwenda mikono mitupu. Tunajua neno hili halipendezi watu ambao wamekwisha kuchapisha kadi, lakini tumelisema. Na kabla ya kukata tikiti, aombe chumba katika hosteli za wanafunzi mapema, maana foleni ni ndefu. Kukitokea mtu kwenye simu ati ana nyumba nzuri, yeye yuko safarini, atumiwe dipoziti kwanza ndipo atume ufunguo, msitume hata senti. Huo ni wizi unaojulikana, na unawavizia wageni hasa mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati kila mwanafunzi anatafuta chumba.

Na karo, pale inapodaiwa, iingie moja kwa moja katika akaunti ya chuo, risiti ibaki na mweka hazina. Mnakumbuka ya mwaka 2023, wazazi wa Uasin Gishu walipoandamana Eldoret? Walikuwa wamelipa kupitia mpango wa kaunti, na bado kuna watoto waliokuwa Finland wakaambiwa na vyuo kwamba ada haijafika. Jambo hilo lilifika mahakamani.

Shida ya kukosa raha ugenini ni ya zamani. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda Marekani katika mpango wa Tom Mboya, na vijiji vilichanga pesa za matumizi kama tunavyochanga leo. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Maathai, msichana wa Nyeri, akielekea chuo cha watawa kule Atchison, Kansas. Njiani, katika jimbo la Indiana, yeye na mwenzake waliingia mkahawani kunywa soda wakaambiwa wakanywee nje, kwa sababu ni weusi. Alifika, akasoma, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini siku ile alikuwa msichana wa miaka ishirini mwenye kiu.

Basi binti akinyamaza wiki mbili, msiseme ameringa. Mara nyingi ni aibu. Mama mwenyekiti anapiga simu: "Mwanangu, unakula?" Naye anajibu, "Niko sawa tu, mama." Atasemaje ana njaa, na kijiji kizima kimeuza mbuzi? Muulizeni mambo yanayojibika: Umepata cheti cha mji? Benki imefungua? Una euro ngapi mkononi leo? Na asiombwe kutuma pesa nyumbani. Viza yake inamruhusu kazi ya siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Akizidisha ili alipe deni la harambee anahatarisha kibali chake, na akifukuzwa mtampokea yeye na deni pamoja.

Kikundi kichague mtu mmoja wa kumpigia, siku moja kwa wiki, badala ya watu arobaini kumtumia ujumbe kila mmoja na shida yake. Mkichagua saa mbili usiku ya Nairobi, mwezi wa Septemba kule ni saa moja jioni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wajerumani hurudisha saa nyuma, na simu ileile itamkuta saa kumi na mbili. Ikifika Desemba, Berlin jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mtakuwa mnaongea na mtu aliyekaa gizani saa mbili nzima. Msimkatie haraka.