Tuta la mwisho Cairo: Jina lipo mdomoni, halitoki

KUNA swali ambalo likitupwa kijiweni, kahawa inapoa kwenye vikombe. Nani alipiga penalti ya mwisho siku Simba ilipowang'oa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwao Cairo mwaka 2003?

Juzi liliulizwa kwenye kijiwe chetu. Mzee mmoja, Simba damu, alilirukia kabla halijatua.

"Huyo namjua kabisa! Siku ile redio nilikuwa nimeikumbatia. Anaitwa... ngoja... linaanza na K!"

Kijana mmoja akamsaidia: "Kaseja?"

"Kaseja alikuwa golini bwana, siyo yeye!"

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila mzee alipolitafuta jina, likaja la Juma Kaseja. Akasimama. Akawa anapiga vidole, jasho linamtoka, macho yamemtoka kama mshambuliaji aliyekosa goli tupu. Shabiki wa Yanga aliyekuwa pembeni naye hakumwacha: "Mzee, kama nyie wenyewe mmemsahau, sisi tumkumbuke wa nini?"

Kila shabiki amewahi kuwa pale alipokuwa mzee. Unamwona mchezaji kichwani, jezi yake, anavyokimbia, hata upande aliopigia mpira, lakini jina halitoki. Na mwili nao unachemka kana kwamba unasubiri kupiga tuta wewe mwenyewe.

Wanasayansi wamelichimba jambo hili kitambo. Mwaka 1966, Roger Brown na David McNeill wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliwasomea wanafunzi maana za maneno magumu na kuwataka wayataje. Waliokwama neno likiwa ulimini mara nyingi waliweza kusema linaanza na herufi gani na lina silabi ngapi. Watafiti hao waliifananisha hali yao na ya mtu aliyekaribia kupiga chafya, ikagoma.

Kwa hiyo mzee wetu na "K" yake hakuwa anabahatisha. Sehemu ya jina alikuwa nayo mkononi.

Na lile jasho? Mwaka 2021, Anne Cleary wa Chuo Kikuu cha Colorado State na wenzake walichapisha utafiti wa mboni za macho. Waliona kwamba mtu anapojiona jina liko karibu kutoka, mboni zake hupanuka. Mboni hupanuka hivyo pia mtu anapopata msisimko au akili inapofanya kazi nzito. Maana yake ni kwamba kukaribia kukumbuka hakuishii kichwani. Mwili nao unaingia uwanjani.

Tatizo ni kwamba kupanda mzuka hakufungi goli. Ukizidi kulazimisha, unarudi kwenye jina lile lile la makosa, kama timu inayopiga krosi dakika 90 kwa beki yule yule mrefu. Karin Humphreys na Amy Beth Warriner wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha mwaka 2008 kwamba waliokaa muda mrefu wakihangaika kabla ya kupewa jibu walikuwa rahisi zaidi kukwama tena kwenye neno lile lile walipoulizwa siku nyingine. Ubongo unajifunza kukwama. Kwa hiyo jina likigoma, usijitese. Uliza aliye jirani, au tazama kwenye simu, kisha litamke kwa sauti.

Mzee hakutaka msaada wa mtu. Alilipa kahawa yake, akaondoka amenuna. Alipofika ng'ambo ya barabara, huku akipisha bodaboda, tukasikia sauti:

"Alex! Christopher Alex!"

Kijiwe kizima kikalipuka, hata yule wa Yanga alipiga makofi. Ndiyo, Christopher Alex Massawe, kiungo. Simba ilishinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 ugenini, ikaja zamu ya matuta, na la mwisho likawa lake. Vijana wa kocha Mkenya James Siang'a wakatinga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na bingwa akabaki anatazama.

Kisha pakawa kimya kidogo, maana Christopher Alex ni marehemu. Mzee alirudi akaketi, akaagiza kahawa nyingine.

"Mchezaji alitupa furaha namna ile," alisema, "halafu jina lake linanikwama mimi?"

Kaseja tunamtaja kila siku, na anastahili. Lakini jina lisilotajwa ndilo linalokwama. Leo ukifika kijiweni kwako, lirushe swali hilo. Wakianza kupiga vidole na kutokwa na jasho, wape nafasi kidogo, kisha watajie.