Kiungo bandia cha kifundo cha mkono si cha kila mbeba mzigo

KWA mfanyabiashara wa mpakani, mkono ndio mtaji wa kwanza. Ndio unaoshusha magunia Namanga na kukaza kamba za mizigo Malaba. Kifundo kikianza kuuma, wengi hukichua kwa mafuta, hukifunga kitambaa na kurudi kazini.

Mara nyingi huwa ni kuteguka tu, na hupona. Lakini maumivu yanayodumu wiki kadhaa, pamoja na uvimbe na mshiko uliolegea, yanaweza kuwa maradhi ya Kienböck. Mfupa mdogo ulio katikati ya kifundo, wenye umbo la mwezi mwandamo, hukosa damu na kufa polepole. Robert Kienböck, daktari wa eksirei wa Vienna, Austria, aliyaeleza mwaka 1910. Huwapata zaidi wanaume wa miaka 20 hadi 40, wengi wao wa kazi za mikono.

Mwanzoni eksirei inaweza isionyeshe kitu. Kipimo cha MRI ndicho hugundua. Hapo mfupa bado unaweza kuokolewa kwa gango, au kwa upasuaji wa kupunguza mgandamizo. Ukishabomoka na kuharibu maungio ya jirani, haurudi tena.

Hapo ndipo huja wazo la kipandikizi. Zamani madaktari waliweka mfupa wa silikoni, lakini ulipolika, chembe zake ziliharibu mifupa ya jirani na wengi wakauacha. Siku hizi kuna mfupa bandia wa pairokaboni, na kiungo kizima cha chuma na plastiki. Kiungo hicho hupunguza maumivu na kifundo huendelea kupinda.

Kina sharti, hata hivyo. Mwenye kiungo hicho kwa kawaida hushauriwa asinyanyue zaidi ya kilo 5 hivi kwa mkono huo, maisha yake yote. Gunia la mahindi ni zito kuliko hivyo mara nyingi. Akipuuza, kiungo hulegea na upasuaji hurudiwa.

Kwa mbeba mizigo, kuunganisha mifupa kwa bamba la chuma huenda kukamfaa zaidi. Kifundo hakitapinda tena, lakini vidole vitashika, kiganja kitageuka na mkono utahimili kazi nzito. Njia nyingine ni kuondoa mifupa mitatu midogo bila kuweka chochote. Kifundo hubaki na sehemu ya mwendo wake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mgonjwa amweleze daktari kazi yake halisi: anauza vitenge dukani au anapakia lori? Aulize atanyanyua kilo ngapi, atakaa miezi mingapi bila kazi, na kiungo kikilegea nani atakirekebisha. Anayetibiwa ng'ambo ya mpaka arudi na picha zake za eksirei na jina la kipandikizi kwa maandishi. Daktari wa nyumbani atavihitaji.