Vyombo vya Miti na Maneno ya Nyumbani katika Pwani ya Tanga

Mwalimu afundishaye methali huona mara nyingi jambo hili: wanafunzi huweza kuisema methali yote bila kukosa neno, hata fumbo lake hulijua, lakini kitu chenyewe kilichotajwa ndani yake hawakijui. Katika pwani ya Tanga, tangu Moa hata Pangani, vitu vingi vya namna hii ni vya miti: kinu, mbuzi, mlango, bao, na chombo cha baharini. Twapenda kuvieleza hapa kimoja kimoja, jinsi vilivyo na jinsi vitumiwavyo, pamoja na maneno yanayokaa navyo. Maana maneno haya yakipotea, sehemu kubwa ya hekima ya lugha itabaki maganda matupu.

1. Jikoni

Kinu huchongwa katika gogo moja la mti usiopasuka upesi. Fundi hulikata gogo kwa shoka, hulichonga nje kwa tezo, kisha hulichimba ndani polepole, akiangalia kitako kiwe kizito ili kinu kisipinduke. Wakitwanga wanawake wawili, hupokezana: mchi wa mmoja ukipanda, wa mwenzake hushuka, wala haigongani.

Kazi ya mpunga ina hatua zake, na kila hatua ina jina. Kwanza ni kukoboa, yaani kuutoa mpunga maganda. Kisha hupetwa katika ungo ili wishwa upeperuke. Baadaye mchele hurudishwa kinuni, ukatwangwa tena mpaka uwe mweupe, na huku ndiko kupwaya. Mwisho hutengwa chenga, ndizo punje zilizovunjika, na chuya, ndizo punje zilizobaki na maganda yake. Mtoto wa kike aliyekaa kando ya mama yake aliyajua haya yote bila kufundishwa na mtu. Leo mpunga hupelekwa mashineni, na mchele hurudi nyumbani umekwisha kusafishwa. Hatusemi kwamba akina mama warudishiwe mchi, kwa kuwa kazi ile ilichosha mikono na mgongo. Twasema tu kwamba neno lisitupwe pamoja na taabu. Mtu asiyejua kinu aambiwapo kwamba anatwanga maji, atajuaje kuwa amekemewa?

Mbuzi ya kukunia nazi ni kibao kifupi cha kukalia, chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno. Aghalabu huwa cha mbao mbili zilizopishana, hata kikunjike na kuwekwa kando. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikakamuliwa katika kifumbu cha ukindu. Tui la kwanza lililo zito huitwa kasimile, na makapi yanayobaki ni machicha. Hapa mwalimu apate somo zuri la sarufi. Neno ni moja, lakini twasema, ‘Mbuzi huyu amekata kamba,’ tukimtaja mnyama, na ‘Mbuzi hii imeisha meno,’ tukitaja chombo. Jina halibadiliki, upatanisho ndio utuonyeshao lipi lina uhai na lipi halina.

Vivyo hivyo mwiko. Ni kijiko kikubwa cha mti cha kusongea ugali na kupakulia wali. Ni chombo cha mwashi cha kupakia chokaa. Tena ni jambo lililokatazwa kwa desturi au kwa amri ya mganga. Wingi wa yote ni miiko. Mgeni wa lugha asipotazama maneno yaliyo jirani yake, atachanganya jikoni na makatazo.

2. Mlangoni na barazani

Katika nyumba za kale za mawe, kama zile za Pangani, mlango ndio ulioonyesha heshima ya mwenye nyumba. Sehemu zake zina majina: miimo miwili kando, kizingiti juu na chini, mbao mbili zinazofunguka, na mfaa, yaani ule mti wa kati unaoziba mwanya mbao zikutanapo. Kwa ndani hufungwa kwa komeo. Milango hiyo ya zamani haikuning’inia kwa bawaba. Ubao ulikuwa na ncha juu na chini, zikazunguka katika matundu, mti kwa mti, na kwa hiyo ulilia kila ulipofunguliwa. Ndipo tunapoifahamu methali, ‘Kelele za mlango haziniwasi usingizi.’ Mwenye nyumba amekwisha kuzizoea, hazimzuii kulala. Kadhalika mwenye busara hasumbuliwi na maneno ya wasemao ovyo.

Mbele ya mlango ni baraza, na barazani ni bao. Ubao wake una mistari minne ya mashimo manane manane, na kete zake ni 64. Wachezaji wana msamiati wao: kula kete za mwenzako ni mtaji, na kuzungusha kete bila kula ni kutakata. Katika mashimo ya kila mchezaji moja ni kubwa kuliko mengine, nalo huitwa nyumba. Wazee hucheza, vijana husimama nyuma yao wakitazama. Na wakitazama husikia mazungumzo, salamu na utani. Baraza ilikuwa shule ya Kiswahili kabla ya shule zetu.

3. Ufukoni

Mtumbwi huchongwa katika gogo moja, na ngalawa ni mtumbwi uliotiwa matengo kando mbili ili usipinduke, pamoja na mlingoti na tanga. Lakini jahazi huundwa kwa mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma. Nafasi kati ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na chini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa.

Mtu aliyeyaona haya haulizi methali ‘Ukiona vyaelea, vimeundwa’ yazungumza juu ya nini. Kiambishi vy- ni cha vyombo, na vyombo hapa si sahani, bali ni vyombo vya bahari. Tena ‘Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.’ Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni ndani chini yakusanyikapo maji: hata mtu azunguke vipi, atarudi kwao.

4. Matembezi ya wanafunzi

Basi, shauri letu kwa walimu ni hili. Wanafunzi wapelekwe Tongoni, kusini mwa Tanga, yalipo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Katika pwani hiyo ya Mtang’ata, mwaka 1499, Vasco da Gama aliiteketeza merikebu yake São Rafael, kwa kuwa mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa na waliosalia hawakutosha kuziendesha zote. Wakiisha kusikia habari hiyo, washuke ufukoni kwenye ngalawa, wamwombe mwenye chombo awaonyeshe tezi na omo. Siku nyingine waende kwa seremala, waulize majina ya tezo, randa, patasi na keekee. Tena kila mmoja amwulize bibi yake jinsi mchele ulivyopwaywa, aandike jibu kwa maneno yale yale ya bibi.

Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya kwa kusikiliza watu maneno ya kamusi yake iliyopigwa chapa London mwaka 1882. Njia ile bado i wazi, wala haihitaji fedha. Lakini wenye kuyajua maneno haya ni wazee, na kamusi haiwezi kumjibu mtoto kama bibi awezavyo. Wakiulizwa leo watajibu.