Mmoja Akitangulia

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wale walioomba kuyasoma.)

Leo tungependa kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tumeliona vijijini mwetu. Mzee anafariki, na kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi lake, mkewe naye anamfuata. Watu husema, "Amemwita." Wengine hunong'ona habari za uchawi au laana. Je, sisi tunaomwamini Kristo tuseme nini?

Hebu tuanze na watu wawili ambao habari zao zilifika ulimwenguni kote. Mzee Jimmy Carter alikuwa rais wa Marekani tangu mwaka 1977 hadi 1981, na mkewe aliitwa Rosalynn. Wote wawili walizaliwa Plains, mji mdogo wa jimbo la Georgia ambao watu wake hawafiki elfu moja. Mama yake Jimmy alikuwa muuguzi, naye alisaidia Rosalynn alipozaliwa mwaka 1927. Jimmy, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alipelekwa kumwona mtoto huyo mchanga. Walioana tarehe 7 Julai 1946, wakakaa katika ndoa miaka 77. Mama Rosalynn alifariki tarehe 19 Novemba 2023, akiwa na miaka 96. Mzee Carter akamfuata tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100. Wamezikwa pamoja nyumbani kwao, Plains.

Tukisikia habari kama hizi, ni rahisi kudhani ya kwamba watu hao hawakukosana kamwe. Sivyo. Mwaka 1953 baba yake Jimmy alikufa. Jimmy, aliyekuwa ofisa katika jeshi la majini, akaamua kuiacha kazi yake na kurudi kulima. Hakumwuliza mkewe. Rosalynn aliyapenda maisha yao, wala hakutaka kurudi Plains. Walisafiri kwa gari pamoja na watoto wao watatu, na njiani mama huyo hakutaka kusema na mumewe. Miaka mingi baadaye mzee mwenyewe aliisimulia habari hiyo bila kuificha, akakiri kwamba alikosa kwa kuamua peke yake.

Basi walijifunza. Rosalynn alianza kushika hesabu za biashara yao ya njugu, akaielewa vizuri hata mumewe akawa anamtaka shauri. Jimmy alipokuwa rais, mkewe alihudhuria mikutano ya mawaziri ili ajue mambo ya nchi. Mwaka 1982 walianzisha pamoja Kituo cha Carter, ambacho tangu mwaka 1986 kimepigana na ugonjwa wa mnyoo wa Guinea, unaowapata watu wanaokunywa maji machafu ya madimbwi. Mwaka ule wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni tatu na nusu. Mwaka 2023, Mama Rosalynn alipofariki, walihesabiwa 14 tu duniani. Nchi yetu ya Kenya ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina ugonjwa huo mwaka 2018.

Hata hivyo hawakumaliza kujifunza. Mwaka 1987 walitoa kitabu walichokiandika pamoja, na kazi hiyo nusura iwagombanishe kabisa, kwa maana kila mmoja aliyakumbuka mambo kwa njia yake. Mwisho walipatana hivi: mahali wasipoafikiana, kila mmoja aandike aya yake na kutia herufi ya kwanza ya jina lake. Na kila usiku walisomeana Biblia. Wakati mwingine waliisoma kwa Kihispania, ili wajizoeze lugha hiyo. Ndugu msikilizaji, ni vigumu kumsomea mtu Neno la Mungu huku umemnunia. Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 4, anatuonya tusiache siku iishe tukiwa bado na hasira. Watu hawa waliushika ushauri huo kwa miaka mingi.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chatufundisha ya kwamba mume na mke huwa mwili mmoja. Twasoma maneno hayo siku ya arusi, kisha tunakwenda kula wali. Lakini mwili huo mmoja haukamiliki siku ile. Unakua polepole, kwa kuulizana, kukosana na kusameheana, mpaka mmoja anajua dawa za mwenzake, usingizi wake na hofu zake. Sasa fikiri: mwili kama huo ukikatwa katikati, nusu inayobaki itakosaje kuumia?

Hata wataalamu wameliona jambo hili. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza walichapisha uchunguzi juu ya wagane 4,486, yaani wanaume waliofiwa na wake zao, wote wenye miaka 55 au zaidi. Katika miezi sita ya kwanza, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 hivi vile vya wanaume wa umri huo wenye wake. Baada ya hapo hatari ilipungua pole pole. Tena mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa wa moyo unaoweza kuletwa na mshtuko au huzuni kubwa. Sehemu ya chini ya moyo huvimba, na juu hubaki nyembamba, mfano wa mtungi ambao wavuvi wa kwao hunasia pweza. Wengi wa wanaougua hivyo ni wanawake wa makamo na wazee, na wengi hupona wakitibiwa. Kwa hiyo mfiwa akisema kifua kinamwuma, tusimwambie ni majonzi tu. Tumpeleke hospitali upesi.

Hatusemi ya kwamba Mzee Carter aliuawa na huzuni. Alikuwa na miaka mia moja, na tangu Februari 2023 alikuwa akitunzwa nyumbani, baada ya kuamua asirudi tena hospitali. Wala hatusemi ya kwamba mkewe alimwita. Wafu hawaiti watu, na uhai wetu umo mikononi mwa Mungu. Tunalosema ni hili: kufiwa ni jeraha, na jeraha lataka kuuguzwa.

Hapa yatupasa kuungama kosa letu. Wakati fulani tulimzika mama mmoja wa kanisa letu. Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, sufuria zilijaa, nyimbo ziliimbwa mpaka usiku. Kisha tukaenda zetu. Tulirudi kumwona mumewe baada ya miezi mitatu. Tulimkuta ameketi peke yake mlangoni, na jikoni hakuna moto. Tulipomwuliza juu ya dawa zake za presha, alituonyesha chupa tupu. "Yeye ndiye aliyekuwa akizihesabu," akasema. Mzee huyo hakulogwa na mtu. Alikuwa amepotewa na nusu ya kumbukumbu yake, na sisi tuliomwimbia nyimbo za faraja hatukufikiri hata kuuliza nani atampikia chai.

Kumbukeni mambo yalivyokuwa kule Atlanta. Mzee Carter alihudhuria ibada ya kumwaga mkewe akiwa katika kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi lenye picha yao wawili. Binti yao alisoma barua ambayo mzee alimwandikia mkewe zamani, alipokuwa katika jeshi la majini. Hakuachwa ajifungie na majonzi yake. Jamaa zake walimleta kati ya watu, wakalitaja jina la mkewe mbele yake, na upendo wake ukasikika. Baada ya hapo aliishi miezi kumi na tatu.

Basi, wapendwa, tufanye nini? Msiba ukitokea, kanisa lichague watu wawili watakaomtembelea mfiwa kila juma kwa muda wa miezi sita, maana huo ndio wakati wa hatari. Waende wakati wa chakula, wale pamoja naye, kwa sababu mtu aliye peke yake huona uvivu kupika. Waulize juu ya dawa na siku za kliniki. Wamtaje marehemu kwa jina, wala wasiogope machozi. Na wewe uliye na mke au mume leo, mwulize mwenzako neno kabla hujaamua. Kama kuna jambo kati yenu, lisuluhishe kabla ya taa kuzimwa. Hujui ni nani kati yenu atakayetangulia.

Tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyewaunganisha mume na mke, wafariji waliobaki. Utusamehe sisi tuliozika na kusahau. Utupe miguu ya kurudi katika nyumba ile ambayo wageni wamekwisha kuondoka. Utupe na tumaini la ufufuo, mahali ambapo kifo hakitatenganisha watu tena. Twaomba katika jina la Yesu Kristo. Amina.