Kombolela: mchezo unaotufundisha kumtetea mwenzetu

Uonevu shuleni huanza na jambo linaloonekana dogo: jina la utani analobandikwa mtoto mwenye kigugumizi, mwenye ualbino au anayechechemea. Wenzake hucheka, yeye huanza kuichukia shule.

Kanisa latufundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwa 1:27). Katika Wosia wa Kitume Christus vivit wa mwaka 2019, Papa Francisko aliwapa vijana mfano wa Carlo Acutis, aliyekataa kuwa nakala ya wengine. Kijana huyo alijulikana pia kwa kuwatetea wanafunzi walioonewa.

Huku Ras Mkumbi, kaskazini mwa Mafia, somo hili halihitaji fedha. Katika kombolela, waliokamatwa hungoja. Aliyebaki mafichoni, hata awe mdogo kuliko wote, akiwahi kulipiga kopo, wote wako huru. Jina lenyewe latukumbusha ukombozi.

Katika michezo ya timu, mwalimu apange timu mwenyewe, ili mtoto yuleyule asibaki wa mwisho kuchaguliwa daima. Mchezo ukiisha, kila mmoja ataje kipaji alichokiona kwa mwenzake. Nasi wazazi, Mkristo kwa Mwislamu, tumsikilize faraghani mtoto aliyeumizwa, kwa maana mchezo hauchukui nafasi ya ulinzi wetu.

Tumsifu Yesu Kristo.