Chukudu: Gari la Mti Lishushalo Mavuno Sokoni

Katika milima ya Kivu ya Kaskazini, upande wa mashariki ya nchi ya Kongo, kuna chombo cha safari ambacho hakikutoka kiwandani wala hakinywi mafuta. Kimetengenezwa kwa mti, nacho kina magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, pamoja na usukani mpana mfano wa pembe za ng'ombe. Hakina kiti, wala hakina mnyororo kama baiskeli. Mwenyewe huweka goti moja juu yake, na kwa mguu wa pili huisukuma ardhi. Jina lake ni chukudu, na inasemekana jina hilo latokana na mlio wa magurudumu yake yapitapo juu ya mawe.

Mtu aionaye chukudu kwa mara ya kwanza aweza kudhani kuwa ni kitu cha watoto kuchezea. Sivyo. Wako wachukuzi wa pande zile waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa chombo hicho. Habari zake zafaa kujulikana na kila mkulima ambaye shamba lake li mbali na barabara, kwa kuwa taabu iliyoizaa chukudu ni taabu anayoijua sana: mazao yako tayari, soko liko, lakini katikati pana njia mbaya.

SABABU YA KUBUNIWA KWAKE

Udongo wa nchi ile ni wa volkeno, mweusi na wenye rutuba nyingi. Viazi, kabichi, vitunguu na maharagwe hustawi vizuri. Lakini volkeno hiyo hiyo iliyowapa watu udongo mwema iliwapa pia njia ngumu. Kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru umesimama mlima wa Nyiragongo, wenye kimo cha meta 3,470, nao mpaka leo una moto tumboni mwake. Mawe ya moto yaliyomwagika zamani yamepoa na kuwa magumu yenye makali, na vijia vya mashambani hupita katikati yake. Lori haliwezi kuingia huko. Hata mkokoteni kama ule wa hamali wa Nairobi au Mombasa hauwezi, maana magurudumu yake yako sambamba na huhitaji njia pana. Asiye na chombo hubeba mzigo mgongoni, kwa ukanda uliopitishwa kwenye paji la uso, na wengi wa wabebaji hao ni wanawake.

Katika miaka ya 1970 chukudu zilianza kuonekana. Magurudumu yake hufuatana, kwa hiyo kijia kinachotosha mtu mmoja huitosha na chukudu. Uzito wa mzigo hukaa juu ya mti, si juu ya shingo ya mtu. Kazi ya mwenyewe ni kusukuma, kuongoza na kusawazisha. Magunia ambayo yangehitaji watu wengi kuyabeba huchukuliwa na mtu mmoja, na zile kubwa kabisa husemwa kuwa zaweza kubeba hata kilo 800.

Chombo cha namna hii kiliwahi kuonekana kwingineko. Tarehe 12 Juni 1817, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Drais alitoka mji wa Mannheim juu ya chombo cha mti chenye magurudumu mawili, akiisukuma ardhi kwa miguu yake, na katika chombo hicho ndimo ilimotoka baiskeli. Lakini cha Drais kilikusudiwa kumchukua mtu aliyekipanda. Chukudu imekusudiwa kuchukua gunia.

KAZI YA FUNDI

Fundi wa chukudu hutumia vyombo vichache: panga, msumeno, patasi na nyundo. Huchagua miti migumu, kama ule uitwao mumba, pamoja na mkalitusi. Ubao mnene na mrefu, wapata meta mbili, ndio mgongo wa chombo. Magurudumu huchongwa katika mti, kisha huvikwa mpira uliokatwa katika tairi kuukuu la motokaa, ili yasipasuke mapema wala yasiteleze. Baadhi huwekewa springi mbele ili mishtuko ya mawe ipungue. Mahali pa goti hupigiliwa kipande cha mpira au kandambili iliyochakaa. Nyuma hufungwa kipande kingine cha mpira, ambacho mwenyewe hukikanyaga kikabana gurudumu. Hiyo ndiyo breki.

Kazi hiyo huchukua siku moja hata tatu, na chukudu iliyotengenezwa vema hudumu miaka miwili au mitatu. Katika mwaka wa 2008 bei yake ilikuwa kiasi cha dola 50 hata 100 za Marekani, na mchukuzi hodari aliweza kupata hata dola 10 kwa siku. Fedha hizo si kidogo katika nchi ambayo wengi walikuwa hawapati dola mbili kwa siku. Asiyeweza kununua huanza kwa kukodi, akaweka akiba mpaka apate yake mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

SAFARI YA ASUBUHI

Safari inayojulikana sana ni ile ya kutoka mashamba ya Kibumba kushuka Goma, mwendo wa kilometa 20 na ushei. Si safari ndefu, lakini jasho la msimu mzima huwa limefungwa juu ya chombo kimoja.

Mchukuzi huamka kabla ya jua, wakati ukungu ungali umefunika miteremko. Hutazama magurudumu, hutia mafuta penye kusuguana, hujaribu breki. Kisha magunia ya viazi hulazwa juu ya ubao, mazito chini na mepesi juu, na kamba hukazwa sana. Mzigo ukiegemea upande mmoja hata kidogo, utamwangusha mbele ya safari.

Sehemu ya kwanza ni kijia cha shambani. Hapo hapana mbio. Mchukuzi hutembea kando ya chombo chake, mkono mmoja usukanini na mwingine juu ya magunia, akitafuta mahali pa kupitisha gurudumu kati ya jiwe na jiwe. Penye kilima kidogo mwenzake humsaidia kusukuma kwa nyuma, naye akifika juu hurudi kumsaidia yule. Wengi hupenda kusafiri kwa makundi kwa sababu hiyo.

Wakiifikia barabara, mteremko huanza. Kwa muda mrefu njia huelekea chini, ambako liko ziwa la Kivu, na maji yake yako kimo cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Sasa mlima uliokuwa adui wa mkulima huwa ndio injini yake. Chukudu hushika mbio yenyewe, mlio wa magurudumu husikika kutoka mbali, na wapitao kwa miguu hujitenga kando. Mchukuzi husimama juu ya ubao, macho mbele, mguu tayari juu ya mpira wa breki. Penye uwanda hupiga goti tena na kusukuma. Hufika mjini asubuhi, na viazi vilivyolala shambani jana huuzwa sokoni leo.

Kurudi ni kazi nyingine. Mteremko wa asubuhi ndio mlima wa jioni, na chombo husukumwa kwa mikono hatua kwa hatua.

HATARI NA TAABU

Isidhaniwe kuwa kazi hii ni nyepesi. Mpira wa breki huchakaa, na mzigo mzito ukiisha kupata mbio haumsikilizi mtu. Wengi wameumia miguu na vifua. Barabarani wamo pia malori na pikipiki.

Tena kuna mambo ambayo mchukuzi hana uwezo nayo. Mwezi wa Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliingia katikati ya mji wa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huo ulimwaga tena, na barabara ya Rutshuru ikakatwa. Vita navyo vimeipitia barabara hiyo mara nyingi, na Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliutwaa mji wa Goma. Njia inapofungwa, viazi huoza juu ya mlima na watu hukaa na njaa chini yake, ingawa kati yao pana mwendo wa asubuhi moja tu.

HESHIMA YA CHOMBO CHA MTI

Watu wa Goma hawakuisahau fadhila ya chukudu. Katika mwaka wa 2009 ilizinduliwa mjini humo sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu, inayomwonyesha mtu na chukudu yake. Miji mingi duniani husimamisha sanamu za majemadari na wafalme; Goma iliinua juu mchukuzi wa mizigo.

Si kila nchi itafaa kwa chukudu, wala si kila mkulima ana mteremko wa kumpeleka sokoni. Lakini jambo moja lafaa kila mahali. Watu wale hawakungoja mpaka njia zao ziwe nzuri ndipo wauze mazao yao. Walitazama walichokuwa nacho, yaani mti, tairi kuukuu na mteremko wa mlima, wakaviunganisha kwa akili. Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchukuzi wa Kivu ameinama kwa goti moja, na kwa mguu wa pili amefika sokoni.