Machozi ya Petro na Furaha ya Pasaka

Wazee wetu husema: Majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume. Wanatuonya tufikiri kabla ya kutenda, kwa kuwa mtu akiisha kutenda ubaya hujuta, lakini majuto yake hayawezi kuirudisha siku iliyopita. Maneno hayo ni ya kweli. Walakini sisi Wakristu tunajua jambo jingine zaidi: mbele ya Mungu, hata majuto yaliyochelewa hupokelewa.

Basi, mtu aliyekosa afanyeje? Alie siku zote kwa ajili ya dhambi zake, ama afurahi kwa kuwa amesamehewa? Swali hilo linawasumbua wengi katika parokia zetu, hata wale wasiolitamka kwa kinywa. Wako walioacha Sakramenti miaka mingi kwa sababu ya aibu. Wako pia wanaoziendea kama mtu aendaye sokoni, bila kufikiri. Tulitazame jambo hili pamoja, wasomaji wapenzi, kwa maana wokovu wa roho zetu umo ndani yake.

Wawili waliokosa usiku mmoja

Usiku ule Bwana wetu Yezu Kristu alipokamatwa, mitume wawili walimkosea vibaya. Yuda alimtoa kwa vipande 30 vya fedha. Petro, aliyejisifu kwamba hatamwacha kamwe, alimkana mara 3 kabla jogoo hajawika.

Tusidhani kwamba Yuda hakujuta. Mtakatifu Mateo anatuambia kwamba alijuta, akazirudisha zile fedha, akakiri mbele ya wakuu wa makuhani kwamba ameitoa damu isiyo na hatia. Tazameni: alijuta, alikiri, alirudisha mali. Alipungukiwa na nini, basi? Aliwaendea watu wasioijali taabu yake, nao wakamjibu kwamba hilo ni shauri lake mwenyewe. Hakumwendea yule aliyemkosea. Akabaki peke yake na dhambi yake, akaitazama hiyo tu, ikamshinda, akaenda akajinyonga.

Petro naye alilia kwa uchungu. Lakini Mtakatifu Luka ametuandikia jambo lililoyatangulia machozi hayo: Bwana aligeuka, akamtazama. Petro aliikumbuka dhambi yake chini ya macho ya Yezu, na kwa sababu hiyo uchungu wake haukumwua. Naye Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba iko huzuni ya namna mbili: ile ipatanayo na mapenzi ya Mungu huleta toba na wokovu, bali huzuni ya dunia huleta mauti.

Tena tuukumbuke ule moto wa makaa. Mtakatifu Yohane anasimulia kwamba Petro alikuwa akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu alipomkana Bwana. Baada ya ufufuko, kando ya ziwa la Tiberia, mitume walikuta tena moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Hapo Bwana alimwuliza Petro mara 3 kama anampenda. Mara ya tatu Petro alihuzunika. Angalieni vema: saa ileile ya kukabidhiwa kondoo wa Kristu, bado palikuwa na huzuni moyoni mwake. Bwana hakumwondolea kumbukumbu ya kosa lake, ila aliigeuza kuwa mapendo.

Kanisa linafundisha nini

Mtaguso Mkuu wa Trento, katika kikao chake cha 14, mwaka 1551, ulieleza kwamba majuto ni uchungu wa roho na kuichukia dhambi iliyotendwa, pamoja na nia ya kutotenda dhambi tena. Majuto ni kamili yakitoka katika kumpenda Mungu kuliko vyote. Si kamili yakitoka katika kuona ubaya wa dhambi au kuogopa moto wa milele; lakini hata hayo ni zawadi ya Mungu, nayo hutuweka tayari kupokea neema katika Sakramenti ya Kitubio. Kwa hiyo mtu asikae mbali akisema: Mimi sina machozi. Majuto hukaa katika nia, si katika macho.

Mtaguso uohuo ulifundisha pia kwamba tunda la Sakramenti hiyo ni kupatanishwa na Mungu. Na pengine, kwa watu wacha Mungu wanaoipokea kwa ibada, hufuata amani na utulivu wa dhamiri pamoja na faraja kubwa. Tulishike neno hilo, pengine. Upatanisho ni hakika. Faraja mara huja, mara haiji. Aliyeungama vema asipoona furaha moyoni, asidhani kwamba hakusamehewa. Deni lililofutwa limefutwa, hata kama aliyedaiwa bado anaota usiku kwamba anadaiwa.

Mtakatifu aliyeteswa na wasiwasi

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliyajua mateso hayo. Alikuwa askari wa Hispania, akajeruhiwa vitani huko Pamplona mwaka 1521, akamrudia Mungu alipokuwa akiuguza mguu wake. Mwaka uliofuata aliungama dhambi za maisha yake yote huko Montserrat. Maungamo hayo yalichukua siku 3, naye alikuwa ameyaandika. Hata hivyo, alipokaa Manresa, wasiwasi ulimshika. Kila mara alidhani ameacha dhambi fulani, akarudi kuungama tena na tena, wala hakupata raha. Alikaa juma zima bila kula, mpaka padri mwungamishi wake alipomwamuru ale. Alishawishiwa hata kujiua. Mwishowe alitambua kwamba taabu ile haikutoka kwa Mungu, akakata shauri kutoungama tena mambo yaliyopita. Tangu siku ile akawa huru.

Kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilipigwa chapa Roma mwaka 1548. Kimegawanywa katika majuma 4. Katika juma la kwanza mtu huomba aibu na machozi kwa ajili ya dhambi zake. Katika juma la nne huomba neema ya kufurahi pamoja na Kristu aliyefufuka. Hakuna ruhusa ya kuliruka juma la kwanza. Wala hakuna ruhusa ya kujenga nyumba ndani yake na kukaa humo daima.

Njia mbili za kupotea

Njia ya kwanza ni huzuni isiyo na furaha. Mama mmoja anaungama kila juma dhambi ileile aliyoitenda zamani za ujana wake, ijapokuwa padri amekwisha kumwondolea. Baba mwingine haingii kanisani, akisema kwamba dhambi zake zimezidi. Maneno yake yanafanana na unyenyekevu, lakini sivyo. Anadhani kwamba dhambi ya mtu ina nguvu kuliko Damu ya Mwana wa Mungu. Mwenye wasiwasi na amtii mwungamishi wake, kama Inyasi alivyotii akala; na mwenye aibu ajue kwamba padri amekaa katika kiti cha maungamo kwa ajili ya wakosefu kama yeye.

Njia ya pili ni furaha isiyo na huzuni. Kijana anapanga ubaya siku ya Ijumaa, huku akisema moyoni mwake: Nitaungama kesho. Mtu ameiba mbuzi wa jirani, ameungama, anatoka kanisani akiimba. Na mbuzi yungali zizini mwake! Huyo hajajuta. Mwenye kujuta kweli hurudisha alichoiba, hutengeneza jina alilolichafua, huacha nafasi ya dhambi. Furaha yake Zakayo ilijulikana hivyo: alimpokea Bwana nyumbani mwake kwa furaha, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara 4 wale aliowadhulumu.

Mwaka wa Kanisa hutuongoza vema kati ya njia hizo mbili. Jumatano ya Majivu tunapakwa majivu. Padri huvaa zambarau, na Aleluya hunyamaza. Lakini Dominika ya 4 ya Kwarezima padri aweza kuvaa rangi ya waridi, ili tusisahau kwamba Pasaka inakaribia. Hata katika Misa ya Dominika ya kawaida tunaanza kwa kuungama na kujipiga kifua, na punde tunaimba Utukufu kwa Mungu juu. Yule aliyejipiga kifua ndiye aimbaye.

Furaha izaayo msamaha

Furaha ya kusamehewa hutambulika kwa tunda lake: aliyesamehewa husamehe. Hapa kwetu Kongo tunamkumbuka Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, sista wa shirika la Jamaa Takatifu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, aliuawa na afisa wa waasi kwa sababu alikataa kuuvunja usafi aliomwahidia Mungu. Kabla ya kufa alimsamehe mwuaji wake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, naye akatamka msamaha kwa mwuaji huyo kwa jina la Kanisa zima. Katika nchi iliyoona damu nyingi namna hii, mfano huo si jambo dogo.

Basi, akina baba na akina mama, nanyi wanafunzi wapenzi, tushike desturi hizi. Kila jioni, kabla ya kulala, tuichunguze dhamiri na kujuta kwa maneno machache. Tukiwa na dhambi, tusingojee sikukuu, twende kuungama. Padri akiisha kutuondolea, tutimize malipizi bila kukawia, tumshukuru Mungu, wala tusiifukue tena dhambi aliyoizika Mungu mwenyewe. Tena tukifika nyumbani, tukimkuta mtu aliyetukosea, mke au mume, mtoto au jirani, tumpe sehemu ya msamaha tulioupokea. Hivyo machozi yetu yatakuwa machozi ya Petro, na furaha yetu itakuwa ile ya Pasaka.